Neil Warnock, mtibu miguu aliyepanda daraja mara nane

Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023, usiku, Huddersfield Town wako nyumbani na wanajua wakishinda tu wamejihakikishia kubaki Championship, daraja la pili la Uingereza, na kwenye benchi lao kakaa mzee wa miaka 74 ambaye mwaka mmoja nyuma alishawaaga watu kwamba basi, amestaafu. Wageni ni Sheffield United. Sasa kwa sisi tunaomfuatilia huyu mzee hapo ndo moyo unapoenda mbio, maana Sheffield United ndo timu aliyoipenda toka mtoto, timu ya mji aliozaliwa, akaja akaifundisha miaka saba na ushee, akaipeleka Ligi Kuu, halafu akashuka nayo kwa njia ambayo hajawahi kuimeza. Mechi ikaisha 1-0, Danny Ward kafunga, Huddersfield wamesalimika. Mzee kaikuta timu Februari iko shimoni, Mei imesimama juu ya mstari.

Huyo ni Neil Warnock. Nimekaa na hii habari yake kichwani muda mrefu sana, na kila nikitaka kuandika naona watu wanamjua kwa kitu kimoja tu, zile kelele zake pembeni ya uwanja, kugombana na marefa, kugombana na makocha wenzake, uso umeiva mwekundu. Ni kweli hayo yapo na nitayagusa. Ila mi naona kuna kitu kikubwa zaidi pale na hakisemwi vya kutosha, kwamba yule kocha alitengenezwa na miaka kumi na mbili ya kuwa mchezaji wa kawaida asiyetakiwa sana na mtu, pamoja na kazi nyingine kabisa aliyoenda kuisomea, kazi ya kutibu miguu ya watu.

Tuanze na uchezaji. Kazaliwa Desemba 1948 Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, mama yake aliugua miaka mingi akafariki Neil akiwa bado mdogo. Alikuwa winga. Kaanza Chesterfield 1967, kaenda Rotherham 1969, kaenda Hartlepool 1971 ndo kakaa kidogo mpaka 1975, halafu Scunthorpe, halafu Aldershot, halafu Barnsley, halafu York City, halafu Crewe Alexandra na hapo 1979 akatundika daluga akiwa na miaka 30. Timu nane. Mechi za ligi zaidi ya 300, na zote hizo ni madaraja ya chini, la tatu na la nne, hajawahi kugusa daraja la kwanza hata dakika moja kama mchezaji. Ukiangalia hiyo orodha utaona hakuna mahali alipochukuliwa kwa shangwe, sehemu nyingi anakaa misimu miwili mitatu au pungufu, anafungasha, anahamia mji mwingine.

Watu wa sasa tunaona mchezaji wa Uingereza tunafikiria magari na majumba. Ukomo wa mishahara ulifutwa kule mwaka 1961, sawa, ila waliofaidi ni wale wa juu. Winga wa Hartlepool miaka ya sabini alikuwa mtu wa mkataba mfupi ambaye kila msimu ukiisha anasubiri kuambiwa kama anabaki au anaondoka, na akiumia goti ndo mwisho wa habari. Yaani ni maisha ya kukaa na begi mlangoni. Na mtu aliyeishi hivyo miaka kumi na mbili anajua kitu ambacho staa hakijui, anajua chumba cha kubadilishia nguo kinavyonuka hofu mwezi wa nne, anajua mchezaji wa 16 kwenye kikosi anawaza nini wakati kocha anamsifia mwenzake, anajua beki wa daraja la nne akiambiwa neno moja zuri mbele ya wenzake atakimbia mpaka adondoke. Hayo kayaona kwa macho yake akiwa upande ule wa chini.

Halafu kuna hii ya miguu. Warnock alisomea na kufuzu kutibu miguu, zile kazi za kukwangua sugu, magaga, kucha zilizoota zikaingia kwenye nyama, na akafungua sehemu yake ya kutibia kabisa wagonjwa wanakuja. Miaka ya kwanza ya ukocha alikuwa anafanya vyote viwili, mchana anashika miguu ya wazee, jioni anaenda mazoezini. Na alisomea pia urefa akafuzu, kitu ambacho watu wengi wanaomkumbuka akimfokea refa hawakijui.

Mi naamini hii kazi ya miguu ndo siri yake, na siongei kwa mafumbo. Kocha anayetegemea mpira peke yake kwa ugali wake anaanza kumwogopa mwenye timu, anaogopa magazeti, anachezesha mchezaji ambaye hataki kumchezesha kwa sababu mwenyekiti kamnunua kwa hela nyingi. Huyu alikuwa anajua akifukuzwa Jumamosi, Jumatatu kuna mtu kashapanga miadi aje atibiwe mguu. Alianza ukocha akiwa hana deni la woga kwa mtu yeyote na hiyo tabia ikamganda hata baadaye alipokuwa hana haja tena ya kutibu mtu. Faida zake tuliziona na hasara zake pia tuliziona.

Kaanza chini kabisa, Gainsborough Trinity, halafu 1981 akaenda Burton Albion, timu iliyokuwa nje kabisa ya Football League, yale madaraja manne ya juu, wakati huo. Januari 1985 Burton wakakutana na Leicester City kwenye raundi ya tatu ya Kombe la FA, Leicester ya daraja la kwanza, ya Gary Lineker. Wakapigwa 6-1. Ila katikati ya ile mechi kipa wa Burton, Paul Evans, alipigwa na kitu kilichorushwa kutoka kwa mashabiki, na FA wakaamua mechi irudiwe, milango imefungwa, hakuna shabiki, uwanja wa Coventry. Leicester wakashinda tena lakini safari hii 1-0 tu. Fikiria timu ya wachezaji wenye ajira zao za mchana, wametoka kula sita, wanarudi uwanja ule mkubwa mtupu kimya na wanakaza mpaka inaisha moja. Hapo ndo unaanza kuona huyu mtu anafanya kitu na vichwa vya watu.

Scarborough ndo kule jina lilipoanza kusikika. Hapa lazima nieleze kidogo maana bila hiyo huwezi kuona ukubwa wake. Miaka yote kabla ya hapo, timu ya nje haikuwa inapanda kuingia Football League kwa kuwa bingwa tu, ilibidi vilabu vilivyomo vipige kura ya kumtoa mmoja na kumwingiza mwingine, na unajua kura za watu wanaojuana zinavyokwenda, wengi walikuwa wanalindana. Mwaka 1987 ndo kwa mara ya kwanza bingwa wa Conference, ligi iliyo chini ya daraja la nne, akapanda moja kwa moja na wa mwisho daraja la nne, ambaye alikuwa Lincoln City, akashuka. Bingwa huyo wa kwanza katika historia ni Scarborough ya Neil Warnock. Agosti mwaka huohuo wakacheza mechi yao ya kwanza ya ligi nyumbani na Wolves, timu iliyowahi kuwa bingwa wa Uingereza, wakatoka 2-2. Mlango ambao Warnock alikuwa wa kwanza kuupita wamepita wengi sana baada yake, na bado unapitwa kila msimu mpaka leo.

Kutoka hapo akachukuliwa Notts County mapema 1989. Notts County ni klabu ya 1862, kongwe kuliko klabu zote za kulipwa duniani, na wakati anaingia ilikuwa daraja la tatu. Mwaka 1990 wakapanda kupitia mchujo, zile mechi za mtoano za mwisho wa msimu za kutafuta wa kupanda, wakaifunga Tranmere 2-0 Wembley. Mwaka 1991 wakapanda tena, Wembley tena, wakaifunga Brighton 3-1, na hivyo ndani ya misimu miwili wakatoka la tatu wakawa la kwanza. Mwenyewe amesimulia kwamba kipindi kile Chelsea walimtaka akakataa, akabaki na wachezaji wake, na msimu uliofuata wakashuka, na Januari 1993 Notts County wakamfukuza. Mi nikifikiria hilo naumia kidogo. Angeenda Chelsea 1991 pengine tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa, lakini alikaa na watu waliompandisha mara mbili na malipo yake ndo yakawa yale.

Miaka iliyofuata nitaipitisha haraka. Torquay 1993 akawaokoa wasitoke kwenye ligi, Huddersfield akapanda 1995 kwa kuifunga Bristol Rovers 2-1 Wembley, akaondoka hapohapo, akaenda Plymouth akapanda 1996 Wembley kwa kuifunga Darlington 1-0, wakamfukuza miezi michache baadaye. Hesabu mwenyewe, fainali nne za mchujo Wembley kati ya 1990 na 1996, na zote kashinda. Oldham hakuna la kusema. Bury ndo nataka nisimame dakika moja, kwa sababu Bury alishuka nayo 1999 kwa kitu ambacho hata leo ukikisoma unarudia mara mbili. Bury na Port Vale walimaliza na pointi sawa, na Bury tofauti ya magoli ilikuwa nzuri zaidi, ila Football League kipindi kile ilikuwa inaangalia kwanza nani kafunga magoli mengi. Port Vale kafunga mengi, Bury kashuka. Kanuni yenyewe ikabadilishwa baada ya msimu ule. Kumbuka hii habari ya Bury, tutarudi kwake.

Desemba 1999 akaitwa nyumbani. Sheffield United, uwanja wa Bramall Lane, timu yake. Kaikuta haina hela, iko chini kwenye daraja la pili, na kwa miaka ya mwanzo ni kupambana tu. Halafu ikaja Machi 16, 2002, mechi na West Brom, na hii siwezi kuiruka japo naipenda timu ile. Kipa wake Simon Tracey alitolewa dakika za mwanzo kabisa kwa kudaka mpira nje ya boksi. Kipindi cha pili akamwingiza Georges Santos, ambaye alikuwa na kisasi na Andy Johnson wa West Brom toka mwaka mmoja nyuma alipoumizwa vibaya usoni, na Santos hakumaliza hata dakika moja, rafu ya miguu miwili, nyekundu. Patrick Suffo naye kaingia, kampiga mpinzani kichwa, nyekundu. Wamebaki nane. Sub zimeisha. Halafu wachezaji wawili wengine wakatoka wakidai wameumia, wamebaki sita, na kwa sheria timu ikiwa chini ya saba mechi haiendelei, refa akaivunja dakika ya 82 West Brom wakiongoza 3-0. Matokeo yakabaki yaleyale. Warnock alikana kwamba aliwaambia watoke, na Santos na Suffo hawakuichezea tena klabu. Mi simtetei kwa siku ile. Hata kama hakusema neno, timu ilikuwa imechukua hasira ya kocha wake, na hiyo ndo hasara niliyosema ya kutokuwa na woga.

Ila mwaka mmoja tu baada ya aibu ile, msimu wa 2002/03, timu hiyohiyo ya daraja la pili ikafika nusu fainali ya Kombe la FA na nusu fainali ya Kombe la Ligi kwa pamoja, na fainali ya mchujo juu yake. Liverpool waliwafunga muda wa nyongeza mechi ya marudiano. Arsenal waliwafunga 1-0 Old Trafford, ile mechi ya David Seaman kuokoa kichwa cha Paul Peschisolido, kipa wa miaka 39 akicheza mechi yake ya 1,000, mkono ukarudi nyuma ukakwangua mpira kwenye mstari, ambao hawajaiona wakaitafute maana kuieleza haitoshi. Kwenye mchujo waliitoa Nottingham Forest 4-3 wakiwa wametanguliwa 2-0, halafu fainali wakapigwa 3-0 na Wolves. Nusu mbili na fainali moja, mikono mitupu. Wakapanda hatimaye 2006, nafasi ya pili.

Sasa msimu ule wa Ligi Kuu, 2006/07. Desemba 30 wanacheza na Arsenal nyumbani, wanaongoza 1-0 goli la Christian Nadé, kipindi cha pili kipa Paddy Kenny anaumia na kwenye benchi hakuna kipa, Warnock alikuwa anapenda kujaza benchi na wachezaji wa ndani. Glavu akavaa Phil Jagielka, beki, mtoto aliyekuzwa palepale. Zaidi ya nusu saa beki anasimama golini mbele ya Arsenal, akaokoa na shuti la Robin van Persie, wakashinda 1-0. Kila mtu siku ile alisema hii timu haishuki.

Tarehe 13 Mei 2007, siku ya mwisho, Wigan wanakuja Bramall Lane. Sheffield United wanataka sare tu. Wigan wakatangulia, Jon Stead akarudisha, na kabla ya mapumziko mpira ukamgonga mkono Jagielka, huyuhuyu Jagielka, penalti. Aliyeenda kupiga ni David Unsworth, ambaye mpaka Januari ile alikuwa mchezaji wa Sheffield United. Akafunga. 2-1. Na kule Old Trafford West Ham, ambao nao walikuwa wanapigania kubaki, wakashinda 1-0 goli la Carlos Tevez, mchezaji ambaye usajili wake ulikuwa umevunja kanuni za umiliki na West Ham wakapigwa faini ya pauni milioni 5.5 badala ya kukatwa pointi. Wigan na Sheffield United wakamaliza pointi 38 kila mmoja, Wigan -22, Sheffield United -23. Goli moja. Bury 1999 alikuwa na tofauti nzuri ya magoli kanuni ikamwangusha, 2007 kwenye Ligi Kuu tofauti ya magoli ndo ikamwangusha. Siku chache baadaye akajiuzulu. West Ham na Sheffield United walikuja kumalizana kwa fidia mwaka 2009, lakini fidia inaingia akaunti ya klabu, kocha harudishiwi miaka yake.

Nimekaa sana hapo najua. Lakini kama huelewi siku ile huwezi kuelewa kwa nini mtu mwenye miaka 58 wakati huo aliendelea kufundisha mpaka 75.

Crystal Palace akaja kuikuta klabu imefilisika mikononi mwake, Januari 2010 ikawekwa chini ya wasimamizi ikakatwa pointi 10, akaondoka Machi kwenda QPR, klabu nyingine ya London. Na QPR ndo kazi yake ninayoipenda kuliko zote kiuchezaji, kwa sababu watu wanasema Warnock ni butua butua, piga mbele tukutane huko. Kweli alipenda mipira mirefu, krosi, kona na mabeki warefu. Lakini pale QPR kulikuwa na Adel Taarabt, Mmoroko mwenye kipaji cha ajabu ambaye makocha walimshindwa kwa sababu hakabi na anapoteza mipira sehemu za hatari. Kocha mwingine angemfundisha kukaba. Warnock akampa kitambaa cha unahodha. Na amesimulia mwenyewe kwamba aliwakataza wenzake kumpa Taarabt mpira kwenye nusu yao, anayempa huko anapigwa faini, mpira apewe mbele tu ambako akipoteza hamna madhara na akifanikiwa ni goli. Taarabt akafunga magoli 19 kwenye ligi, akawa mchezaji bora wa Championship, QPR mabingwa 2011. Na hata ubingwa ule ulikuja na presha, maana kulikuwa na kesi ya usajili wa Alejandro Faurlín na mpaka siku ya mwisho ya msimu watu hawajui kama watakatwa pointi, ikaja kuwa faini ya pauni 875,000 na pointi zikabaki.

Hiyo ya Taarabt kwangu inatoka moja kwa moja kwenye zile timu nane. Mtu aliyecheza na watu wa kawaida maisha yake yote anajua kwamba mchezaji wa kawaida yuko tayari kukimbia kwa niaba ya fundi mmoja, ila umwambie ukweli wa mpango, usimdanganye kwamba wote mko sawa. Na wachezaji walimfuata huyu mzee. Paddy Kenny kamdakia Bury, kamdakia Sheffield United, kamdakia QPR, kamdakia Leeds. Klabu nne, kipa huyohuyo. Huwezi kumlazimisha mtu hivyo.

Ligi Kuu lakini haikumkubali, na hapa lazima niseme ukweli japo nampenda. Sheffield United kashuka. QPR wamiliki wapya wakamfukuza Januari 2012 timu ikiwa bado juu ya mstari wa kushuka. Palace alirudi 2014, akafukuzwa siku mbili baada ya Krismasi. Cardiff kashuka 2019. Mara nne, hakuna hata moja aliyomaliza salama. Tevez ni sababu ya mara moja tu kati ya hizo. Mi naona kule juu ari peke yake haifiki, wale wenzako nao wana ari na juu yake wana wachezaji wanaokaa na mpira dakika nzima hujaugusa, na Warnock hakuwahi kuwa mtu wa kuubadilisha mchezo wake sana. Aliamini atakachowafanyia watu wa Championship kitatosha. Kwa miezi miwili mitatu kilikuwa kinatosha kweli, halafu wenzake wanajua.

Lakini mpe timu inayozama. Februari 2016 Rotherham, timu aliyoichezea enzi zile, anaikuta kwenye nafasi za kushuka, anacheza mechi 11 mfululizo bila kufungwa, inabaki. Oktoba 2016 Cardiff, ya pili kutoka mkiani, na kitu cha kwanza akamchukua Sol Bamba, beki wa Ivory Coast ambaye hakuwa na timu. Mechi ya kwanza ya wote wawili ni dhidi ya Bristol City, Bamba akafunga, wakashinda 2-1. Miezi 19 baadaye, Mei 6, 2018, wakatoka 0-0 na Reading huku Fulham wakifungwa na Birmingham, na Cardiff ikapanda Ligi Kuu. Kikosi cha watu ambao majina yao hayauzi jezi. Hiyo ndo ya nane, hakuna kocha mwingine Uingereza aliyefika hapo.

Furaha ile haikukaa. Januari 2019 Cardiff walimsajili Emiliano Sala kwa rekodi ya klabu, na tarehe 21 ndege ndogo iliyokuwa inamleta ikaanguka baharini. Warnock alisema wazi alifikiria kuacha mpira kabisa. Walimaliza na pointi 34, nafasi ya 18, wakashuka, na kwenye miezi ile mi sikumwona tena yule mtu wa kelele, nilimwona mzee aliyechoka.

Na Bamba, Januari 2021 akagundulika ana saratani. Akatibiwa, akapona wakati ule, na hakuwa na klabu. Warnock alikuwa Middlesbrough. Akamwita aje afanye mazoezi na timu, halafu Agosti 2021 wakampa mkataba, mtu wa miaka 36 aliyetoka kwenye matibabu ya saratani miezi michache nyuma. Akacheza. Bamba alifariki Agosti 2024 akiwa na miaka 39, na nikikumbuka Warnock hiki ndo kinakuja kwanza, kabla ya Wembley zote.

Middlesbrough pia ndo alipovunja rekodi. Novemba 2, 2021, ugenini Luton, mechi yake ya 1,602 kama kocha kwenye soka la kulipwa Uingereza, akampita Dario Gradi, kocha aliyekuwa anaishika rekodi ya mechi nyingi. Walifungwa 3-1 usiku ule, na mwisho wa wiki hiyohiyo akafukuzwa. Ndo maana Aprili 2022 alipotangaza kustaafu wengi tuliamini. Halafu ikaja ile Huddersfield niliyoanza nayo, halafu Februari 2024 akavuka kwenda Uskoti, Aberdeen, kazi ya muda. Mechi za ligi hakushinda hata moja, sita zote. Ila kwenye Kombe la Uskoti akaifunga Kilmarnock 3-1 robo fainali, akatoka uwanjani na kutangaza palepale kwamba kazi yake imeisha, wamtafute mwingine wa kuendelea.

Mwaka huohuo Torquay United, ambayo ilikuwa imeshaanguka mpaka daraja la sita na hela imekwisha, ikapata wamiliki wapya na wakamwomba awe mshauri wao wa mpira. Torquay ileile aliyoiokoa 1993. Akakubali.